Kofia Yako Namba Sitini

Mpendwa Kwara, babu yangu,

Sijui kama huko uliko watu huvaa kofia. Kama huvaa, basi wewe unatembea kichwa wazi, maana ya kwako iko Migori mjini, juu ya kichwa cha Felix, na imekaa vibaya. Nimeona nikuandikie mapema kabla mtu hajakuletea uongo kwamba amependeza. Hajapendeza. Anafanana na kuku aliyefunikwa na sufuria asitoroke kabla wageni hawajafika.

Na sisemi hivyo kwa wivu.

Sawa, ni wivu. Nani nitamdanganya, na wewe ndiye uliyekuwa ukinishika sikio ukisema, "Nyakwara, mjukuu wangu, macho yako yanaongea kabla ya mdomo"? Nina wivu tangu siku tuliyogawa nguo zako. Nimekula nao, nimelala nao, nimeenda nao kanisani Sabato na tukarudi wote wawili.

Kwanza nikupe habari zangu, kwa sababu najua Waya Dorka, shangazi yangu yule, akija kaburini kwako huwa anakueleza mambo ya wale waliosoma tu. Mimi sasa ni mtu mkubwa Rodi Kopany. Siku ya soko natandika turubai langu ng'ambo ya wauza kamba, na juu yake kuna kofia tupu: za jua, za mvua, za wazee, za wasichana wa kwaya, na zile za sufu za kuziba masikio. Wengine wanauza kofia kama viazi, chagua nenda. Mimi napima. Mtu akitokea kule kwenye mbuzi, kabla hajanifikia nishajua namba yake. Yule mwalimu wa hesabu aliyesema sitafika popote alikuja juzi kutafuta kofia ya jua. Nikamtazama mara moja. "Hamsini na sita, mwalimu, na hapo nimehesabu na masikio." Tukapima. Hamsini na sita! Akanunua akaondoka bila kuniaga.

Nilisomea wapi kazi hiyo? Kidato cha pili nilikofikia hawafundishi vichwa. Nilisomea kwako, Karungu, pale mlangoni, na uzi wa nyavu.

Unakumbuka? Ulikata uzi mrefu kama mkono wangu, ukanizungushia kichwani. "Usipitishe juu ya masikio kama mtu anayefunga kuni," ukasema. "Acha upana wa kidole juu ya sikio. Mbele, katikati ya paji. Nyuma, pale mfupa unapotokeza." Ukafunga fundo. Halafu ukaenda kuuchukua uzi wako wa zamani, ule uliopimia kofia yako Homa Bay kabla sijazaliwa, ukaulaza kando ya wangu juu ya kigoda. Fundo likakutana na fundo. Nilikuwa na miaka kumi na nne tu, Kwara, na kichwa changu kilikuwa sawasawa na chako cha ujana! Ukacheka mpaka ukakohoa. "Hiki kichwa kimekuja mapema, mwili utakikuta njiani."

Kijiji kizima kilikuwa kinanicheka kwa hicho kichwa. Wewe peke yako ndiye uliyekitazama kama mali.

Ukanifundisha na sheria ya kidole. "Mtu akishavaa, ingiza kidole kimoja kati ya kofia na paji. Kikiingia kwa shida, mwache aende. Kisipoingia, ataumwa na kichwa. Vikiingia viwili, hiyo kofia ni ya upepo, yeye ameazimwa tu." Hiyo sheria naitumia mpaka leo, na wateja wanadhani niliitoa Nairobi. Siwarekebishi.

Na kofia yenyewe, mama yangu! Ya kahawia iliyokolea, ukingo umejikunja kidogo nyuma, utepe mweusi, na ndani, chini ya ule mkanda wa ngozi, namba 60 iliyoanza kufutika. Ulikuwa unaivua kwa mambo mawili tu, maombi na chakula. Ukiteremka ufukweni asubuhi kuangalia samaki, wale wanawake wa omena walikuwa wanajua ni wewe kabla hawajaona miguu. Nami nilikuwa nyuma yako nimekubebea kigoda, naitazama hiyo kofia kutoka nyuma kama mtu anayetazama nyumba atakayohamia.

Niliwahi kukuuliza. "Kwara, hii kofia utampa nani?"

Ukajibu, "Kofia haipewi mtu. Kofia inakubali kichwa."

Nikafurahi, kwa sababu nilijua ni kichwa gani. Laiti ningejua hayo maneno yatanirudia namna gani.

Lakini kabla ya hapo nitakukumbusha Felix, kama ulisahau, ingawa ulivyokuwa unamtaja sidhani. Felix, mtoto wa baba mkubwa. Felix wa chuo kikuu. Picha yake na lile joho jeusi ulikuwa umeitundika sebuleni, juu ya redio, na kila mgeni akiingia unamsogezea kiti mahali ambapo hawezi kukosa kuiona. Picha yangu mimi ilikuwa wapi kwa hiyo nyumba? Ndani ya kitambulisho changu.

Kila Jumapili alikuwa anapiga simu, nami ndiye niliyekushikia hiyo simu kwa sababu vidole vyako vilikuwa vinakosea. "Kwara, uko aje?" anauliza. Na wewe, ambaye tangu asubuhi ulikuwa umelala ukielekea ukutani, unakaa wima, unakunja shingo kama jogoo. "Niko na nguvu, nyakwara! Nguvu kabisa! Wewe soma tu!" Simu ikikatika, mimi ndiye niliyekulaza tena. Ile sauti ya nguvu ilikuwa ya Felix. Mimi nilipewa kikohozi. Nilikuwa naona wivu hata wa hiyo sauti, na sikuwahi kukwambia.

Sasa nifike kwa ile siku ya karatasi. Tulikuwa tumeapa, najua. Ngoja, utaona kwa nini naandika wazi.

Ilikuwa Sabato asubuhi. Uliniita chumbani, ukaniambia nifunge mlango. Ulikuwa umevaa suti, na kofia ilikuwa imekushukia mpaka kwenye nyusi. Nywele zilikuwa zimeisha, na nyama ya mashavu ilikuwa imeondoka nazo. Nilitaka kucheka, nikakuona macho, nikaacha.

"Leta karatasi," ukasema.

Karatasi iliyokuwa karibu ilikuwa daftari langu la hesabu, lile ambalo halikuwa na kazi tena tangu niache shule. Nikachana ukurasa. Juu yake mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu tatu juu ya ishirini, kubwa, kama mtu anayepaka rangi ukuta. Nikaona haya, nikataka kuchana mwingine.

"Huohuo," ukasema. "Angalau hapa hizo hesabu zitapata kazi."

Ukanionyesha namna ya kuukunja mara nne kwa urefu, kuushindilia kwa ukucha, halafu kuusukuma chini ya mkanda wa ngozi usionekane. Ukavaa. Nikaingiza kidole. Kimoja, kwa shida. Ukanishika mkono, ule mkono wako uliokuwa umebaki mifupa lakini bado unauma. "Usimwambie Waya wako. Usimwambie mtu. Wakijua kichwa cha mzee kinapungua, wataanza kuhesabu na vingine."

Nikaapa. Tukaenda kanisani. Ukaketi mbele na wazee wenzako, kofia magotini, hesabu zangu zote za makosa zikiwa ndani, na mimi nyuma nikijiona kama mtu mwenye siri ya serikali.

Baada ya miezi ukaniita tena, ukurasa wa pili. Halafu wa tatu, uliotoka kwa jalada la kijitabu cha lesoni ya Sabato, kwa sababu ulisema Mungu naye achangie kidogo. Wa nne ulikuwa tena wa daftari langu, wenye pembetatu. Kila karatasi iliyoingia, wewe ulikuwa umetoka kidogo. Na nje, watu walikuwa wanasema, "Mzee bado yuko imara, tazama kofia ilivyokaa." Walikuwa wanasifu kazi ya mikono yangu bila kujua.

Hatukufika ya tano.

Siku ya kugawa nguo, Waya Dorka alikalia kiti chako uani, nguo zako ziko mkekani. Suti ikapata mtu, koti likapata mtu, fimbo ikaenda kwa baba mkubwa. Ikabaki kofia. Waya akainyanyua, akasema, "Hii baba alisema haipewi mtu. Inakubali kichwa. Wajukuu wa kiume, pangeni mstari."

Maneno yako mwenyewe, Kwara. Nikajipanga wa kwanza, tena kwa maringo, nikiwa nimejipaka mafuta kwenye paji ili iteleze vizuri.

Ikakwama juu. Ilikaa pale kichwani kama kifuniko kwenye mtungi usio wake. Nikasukuma. Ikaruka.

"Jamani, hicho kichwa ni cha watu wawili!" mtu akapiga kelele.

"Wiyi duong' ahinya," Waya akasema, kichwa chako ni kikubwa mno, naye akijizuia kucheka kwa sababu ya msiba, akashindwa.

Nilikuwa nimeishika mikononi, Kwara. Vidole vyangu vilikuwa ndani, juu ya mkanda, na nilikuwa nazigusa zile karatasi nne. Ningezivuta pale pale, moja, mbili, tatu, nne, mbele ya watu wote, kofia ingeteremka kwangu kama ilivyotengenezwa. Sekunde kumi tu. Lakini kila karatasi ingekuwa inawaambia ulivyokuwa umeisha, nao wangesimama pale uani wakikuhesabu. Wewe ulikuwa na siku chache tu udongoni. Nikaitoa mikono yangu.

Felix akapokea. Akaivaa polepole, kama anavaa lile joho lake. Ikakaa. Wamama wakaanza kulia upya. "Kwaru oduogo! Mzee amerudi!" Amerudi wapi? Kichwa cha Felix kililingana na kichwa chako cha ugonjwa, Kwara. Changu ndicho kilicholingana na kile cha siku za nguvu, cha mtu aliyekuwa anavuta nyavu Karungu peke yake. Hilo nilikuwa nalijua mimi tu, nikalimeza kama mwiba wa samaki mbuta. Mpaka leo mtu akikohoa karibu nami linasogea.

Tangu hapo ni picha. Tuna kundi la familia kwenye simu, na Felix, ambaye sasa ni mwalimu huko Migori, kila wiki lazima atume. Felix na kofia kanisani. Felix na kofia akila samaki. Felix na kofia amesimama kando ya gari ambalo si lake. Chini yake, mashangazi na maombi na mioyo myekundu. Mimi huwa nakuza picha kwa vidole viwili, simtazami uso, naangalia ukingo. Anaivaa imeegemea kushoto. Kushoto! Wewe ulikuwa unaiegemeza kulia, kidogo tu, upande wa jicho lililokuwa linasumbuliwa na jua. Niliwahi kuandika, "Geuza hiyo kitu." Nikafuta kabla sijatuma. Nikatuma kidole gumba.

Sasa sikiliza yaliyotokea wiki jana.

Siku ya soko nilikuwa nampimia mzee mmoja, nikainua macho, nikamwona Felix amesimama mbele ya turubai langu, viatu vinang'aa kwenye vumbi, amebeba mfuko. Nikajua kuna jambo. Felix hana historia ya kuja Rodi kunisalimia.

"Omera, biashara iko aje?"

"Iko juu, mwalimu. Umekuja kununua ama kusahihisha?"

Akacheka kidogo, akafungua mfuko, akatoa kofia yako. "Imepanuka," akasema. "Tulikuwa harusini Sindo, mvua ikaninyeshea. Tangu siku hiyo inanishukia machoni. Na unajua mwezi ujao tunatia saruji kaburi la Kwara. Waya amesema nitasimama niongee kwa niaba ya wajukuu. Siwezi kusimama pale nimefunikwa macho."

Akaivaa nione. Kweli, ilikuwa imemfika kwenye nyusi, vilevile kama ilivyokufika wewe ile Sabato.

Nikaipokea. Bila kufikiri, nikageuka upande wa kile kioo changu cha wateja, nikaivaa. Karatasi zilikuwa zimelowa na kukauka, zimelala bapa kama hazipo, na kofia ikateremka, Kwara. Iliteremka yenyewe. Ikasimama kidole kimoja juu ya masikio, ikatulia kama ng'ombe aliyefika zizini. Nikaiegemeza kulia. Nikakuona ndani ya kioo, si wewe wa mwisho, wewe wa ufukweni.

"Hiyo ni yako, kijana!" mama wa kamba akapiga kelele kutoka ng'ambo. "Usiuze hiyo!"

Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi, na ni neno ambalo mtaalamu mzima wa Rodi akilisema hakuna atakayebisha: "Kofia ikishalegea hivi, bro, hairudi. Niachie, nikupe nyingine nzuri." Basi. Angekubali. Mtu aliyesoma ukimwambia kitu kwa sauti ya fundi, anakubali.

Nikaivua. Nikafunua mkanda wa ngozi ili nitazame ndani kabla ya kusema uongo wangu, na karatasi ya kwanza ikaanguka juu ya turubai.

"Hii ni nini?" Felix akauliza. Akaiokota, akaikunjua. Wino wa bluu ulikuwa umetawanyika lakini ile tatu juu ya ishirini ilikuwa imesimama imara, nyekundu. Ndio maana nasema mwalimu yule alikuwa na roho mbaya, hata mvua ya Sindo haikumweza.

"Huu ni mwandiko wako."

"Kwani kuna mwingine anayeandika saba kama jembe?"

Hakucheka. Akaingiza vidole, akatoa ya pili, ya tatu, ya nne. Akazipanga juu ya turubai kwa mstari, polepole, kama anasahihisha mtihani. Mimi sikusema kitu, Kwara, naapa. Sikufungua mdomo. Alihesabu mwenyewe.

"Alipungua hivi?" akauliza.

"Hivyo."

"Lakini mimi nilikuwa napiga simu kila Jumapili. Alikuwa ananiambia ana nguvu."

"Alikuwa anakaa wima kwanza."

Akakaa chini juu ya gunia langu la mitumba, na ile suruali yake iliyopigwa pasi. "Wewe ulikuwa ndani ya hiyo nyumba siku zote," akasema. "Mimi nilikuwa napewa sauti. Halafu nikapewa kofia." Akaniangalia kwa macho ambayo nayajua vizuri sana, kwa sababu ndiyo macho yangu nikitazama picha zake.

Nilipaswa kumhurumia. Nilimhurumia, sawa, lakini baadaye. Kwanza nilifurahi vibaya, furaha ya mtu aliyesubiri kwa muda mrefu. Felix, wa joho, ananionea wivu mimi! Nilitaka kumwita mama wa kamba aje ashuhudie.

Halafu akasema, "Ichukue, Omosh. Imekukubali."

Na hapo ndipo ujinga wangu uliponiingia, Kwara, ama ni kile kichwa chako kigumu nilichorithi badala ya kofia. Sikutaka kupewa na Felix. Kofia haipewi mtu. Sasa wewe ndiwe uliyeyasema, si mimi.

"Kaa chini nikupime," nikamwambia.

Nikazungusha uzi. Hamsini na saba na nusu. Nikachukua karatasi mpya, ngumu, nikakunja mara nne kwa urefu, nikashindilia kwa ukucha, nikasukuma chini ya mkanda. Zile nne za zamani alitaka kuzichukua, nikazishika kwanza. Hizo haziendi Migori. Ziko ndani ya Biblia yako, ambayo pia hakuna aliyeitaka siku ile.

Alihitaji karatasi nne. Nilimwekea tatu.

Akavaa. Nikaingiza kidole kati ya kofia na paji lake, na cha pili kikakifuata bila shida yoyote: vidole viwili.

"Imekaa?" akauliza.

"Imekaa kabisa, mwalimu."

Akajiangalia kiooni. Nikanyoosha mkono, nikaiegemeza kulia. Hilo la kushoto nilishindwa kulivumilia.

Kwa hivyo mwezi ujao tutakuja, Kwara, na mchanga na saruji na kwaya. Felix atasimama upande wa kichwa cha kaburi, atatazama ziwa, ataongea Kiswahili chake kirefu, na kofia yako itakuwa kichwani mwake. Atakapofika katikati ya hotuba, yapata alasiri, ule upepo unaotoka majini utaanza kupanda, kama unavyopanda kila siku hapo Karungu. Mimi sitagombana na mtu. Sitajipanga mstari. Nitasimama nyuma yake, kule upepo unakoelekea, mikono yangu ikiwa mitupu.

Oriti, Kwara. Lala vizuri, na usimwambie Waya.

Ni mimi nyakwari, mjukuu wako,
yule wa kichwa kilichokuja mapema.